Pilipili Iliyolazwa

Mambo yaliharibika siku ya Jumatano, tarehe tisa ya mwezi wa tatu, saa nne kasorobo asubuhi. Saa hiyo mwalimu mmoja mstaafu, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliingia katika ofisi ya ghala la viungo akiwa ameshika sufuria ya supu kwa matambara mawili. Akaitua juu ya meza ya meneja, juu ya makaratasi yake, akasema hana maneno mengi: wainuse wao kwanza, ndipo yeye aongee.

Waliokuwepo walikuwa watatu. Kulikuwa na meneja mwenyewe, mtu wa umri wa kuzaliwa na nusu ya wafanyakazi wake, aliyekuwa hapendi kuitwa kijana. Kulikuwa na Mama Ungo, mkuu wa wanawake wanaochambua na kupepeta, ambaye asubuhi ile alikuwa amekuja kuomba chekeche jipya kwa mara ya tatu. Na kulikuwa na Mzee Pua, mkaguzi, aliyeitwa haraka kwa sababu hakuna punje ya pilipili manga iliyotoka ghala lile kwenda jikoni kwa watu bila kwanza kupita puani mwake. Ndiyo kazi yake, na ndiyo asili ya jina lake.

Mwalimu akafunua kifuniko. Meneja akarudi nyuma na kiti chake mpaka kikagonga kabati. Mama Ungo akajiziba uso kwa mtandio. Mzee Pua akawatazama wote wawili, kisha naye akakunja uso. Alichelewa kidogo tu, kama mtu anayeitikia wimbo asioujua, lakini alichelewa. Alipoinua macho akakuta Mama Ungo hatazami sufuria. Alikuwa anamtazama yeye.

"Mafuta ya taa," alisema meneja.

"Mafuta ya taa kabisa," alisema Mzee Pua, kwa sauti nzito ya mtu mzima mwenye hakika.

Lakini hakuwa amenusa kitu. Hakuwa amenusa kitu chochote, si supu, si sabuni, si soksi zake mwenyewe, kwa muda wa miaka kumi na mmoja.

Zamani pua ile ilikuwa ya kweli, asionewe. Aliingia ghalani kama mbeba magunia, mtu wa darasa la nne, mgongo wake ndio cheti chake. Siku moja akamwambia mwenye ghala, mzee wa wakati ule, kwamba gunia alilobeba begani lilikuwa limelala mahali pa unyevu. Walipolifungua wakakuta ukungu katikati. Akajaribiwa tena na tena, hakukosea, akatolewa kwenye kubeba akapewa meza, kiti na kalamu. Watu wenye shule zao walikuwa wanamsubiri yeye afumbue kinywa.

Kisha wakubwa wakaleta mashine ya kusaga. Wakaiweka chumba cha pili, ukuta wenyewe haufiki juu, na vumbi la pilipili likawa linamiminika kwa wachambuzi na kwake kama ukungu wa asubuhi. Wafanyakazi waliomba barakoa. Jibu la ofisi lilikuwa kwamba pilipili ni chakula, na chakula hakijamdhuru mtu. Wakubwa hao hao wakija kuitembelea mashine yao walikuwa wanaziba pua kwa leso, wanakaa dakika tano, wanasifu, wanaondoka. Mzee Pua alipiga chafya miaka mitatu. Baadaye akaacha kupiga chafya, akadhani amezoea.

Aliyegundua ni mkewe. Alitoka uani kuanua nguo akakuta maziwa yameungua, moshi umejaa jikoni, na mumewe amekaa kando ya jiko anasoma gazeti la juzi bila habari. Hakupiga kelele. Alizima moto, akakata kitunguu, akamwambia afumbe macho, akamwekea chini ya pua.

"Hiki nini?"

Akafikiri. "Limau."

Mkewe akacheka, akalia, kisha akaenda kusugua sufuria kwa mchanga, na alikuwa bado anasugua wakati sufuria ilishatakata zamani. Watoto wawili walikuwa bado shuleni. Kurudi kubeba magunia kwa umri ule kungekuwa kujichimbia kaburi kwa mikono yake. Na kusema ofisini kwamba mnusaji hanusi, wangemshukuru kwa utumishi wake na kumwonyesha lango. Hao wakubwa hawamfahamu mtu akishaharibika, hata kama walioharibu ni wao.

Basi wakapanga, mke na mume. Kesho yake Mzee Pua aliwaambia ofisini kwamba amekuwa akifikiri, na kwamba ni kosa kumhukumu mgeni siku anayofika. Pilipili imetoka mbali, imechoka, imebanwa na magunia. Ukiionja siku ile ile inakudanganya. Inatakiwa ilale usiku mmoja, ndipo iseme kweli. Alisema polepole, kidole juu. Watu wa ofisini huamini lolote likisemwa polepole. Tangu siku hiyo kila mzigo ulipoingia alikuwa anachota punje kidogo, anazifunga kwenye kipande cha karatasi, anatia mfuko wa shati, na kwenda nazo nyumbani. Pua ya ghala ikahamia jikoni kwake, kwa mwanamke ambaye hakuna mtu ofisini aliyewahi kuuliza anaitwa nani.

Na mwanamke yule alikuwa fundi kuliko yeye hata zamani zake. Alizimwaga punje kwenye sahani nyeupe karibu na dirisha wakati jua bado lipo, akazitazama kwanza bila kuzigusa. Alizitaka zenye makunyanzi yaliyozama, zinazolingana, zenye weusi wa kahawia na si weusi wa kupakwa. Akachukua kijiko kimoja akazitia kwenye glasi ya maji: nzima zikazama, mapepe yakaelea, akayasukuma kando kwa kidole kwa dharau. Akabana punje moja kwa kucha. Ikisagika kirahisi kama udongo, huyo ndani hana kitu, aende zake. Baada ya hapo zilizobaki akazitia kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, akizitikisa, mpaka zianze kuruka kidogo. Akaziepua kabla hazijatoa moshi, akaziponda kwenye kinu kidogo cha mti, mapigo matatu tu. Alichukia pilipili ya unga. Alisema pilipili ikishasagwa na kuwekwa koponi ni kama hadithi uliyosimuliwa na mtu aliyesimuliwa.

Akainyunyiza juu ya kiazi cha moto au yai lililochemshwa, mwisho kabisa, wakati mvuke bado unapanda, akainamisha uso, akafumba macho. Mzee Pua alikuwa anamsubiri hapo kama anayesubiri majibu ya daktari.

"Hii inaanza na ganda la limau," alikuwa akisema. "Halafu mti mbichi uliochongwa sasa hivi. Moto unakuja nyuma, haukimbilii watu." Au: "Hii ina kelele tu, haina neno." Au mara moja, mzigo ambao meneja alikuwa anausifu kwa bei yake: "Hii inanuka shuka la mgonjwa."

Yeye aliyakariri maneno hayo neno kwa neno, na asubuhi aliyasema ofisini kwa macho yaliyofumbwa nusu. Wakayasikia, wakatikisa vichwa, mmoja akayaandika. Wakasema yule mzee hakusoma lakini ana shairi ndani yake. Kila sifa aliyopewa pale ilikuwa ya mtu aliyekuwa nyumbani anamenya vitunguu, naye aliipokea, akaivaa, akatembea nayo.

Ule uongo wa kulala nao ukakua kama mtoto wa jirani, leo uko hivi, kesho uko vile. Wakubwa waliupenda wakauchapisha kwenye pakiti: *Imelazwa usiku mmoja.* Wapishi wa nyumbani wakauchukua. Kuna mama alimsimamisha Mzee Pua dukani akamwambia kwamba yeye akinunua punje zake huzitandaza kwenye sinia chumbani, anazifunika kitambaa, na mumewe amekatazwa kukoroma upande ule. Alipomsimulia mkewe, mkewe alishika ukuta kwa kucheka. "Bwana wee, tumewalaza watu na pilipili." Hata yeye alicheka siku ile. Wakati huo aibu ilikuwa ya watu wawili, na ya watu wawili hubebeka.

Kisha mkewe akafa. Miezi kumi na minne ilikuwa imepita sasa tangu walipokaa kwenye benchi la hospitali kutoka asubuhi hadi alasiri, wanaambiwa daktari mkuu yuko mkutanoni. Mkutano uliisha, mkewe naye alikuwa ameisha. Mzee Pua ameshausema mkutano ule kwa kila mtu anayemfahamu, na kwa wengine asiowafahamu.

Aliendelea na kazi. Alibaki na glasi ya maji, na kucha, na ulimi. Maana ule ukali wenyewe hauhitaji pua, unaouma ulimi unauma tu. Mapepe aliyakamata. Punje zilizochoka alizikamata. Miezi ikapita bila lawama, akaanza kujiambia labda pua haikuwa jambo kubwa kiasi kile, labda kazi aliijua kwa mikono. Ilikuwa imebaki miaka miwili apumzike.

Ndipo ukaja mzigo ule wa mwezi wa pili, kwenye lori ambalo safari iliyotangulia lilikuwa limebeba mapipa ya mafuta ya taa. Wakubwa walilichukua kwa sababu ni rahisi. Mzee Pua akapeleka karatasi yake nyumbani. Majini zikazama zote. Kwa kucha zikagoma. Ulimini zikawaka vizuri. Asubuhi akafika ofisini akasema daraja la kwanza, na kwa kuwa walikuwa wanasubiri neno, akawapa moja la marehemu. Juu ya pilipili iliyonuka mafuta ya taa kutoka mlangoni mwa ghala, alisema ganda la limau, na mti mbichi uliochongwa sasa hivi.

Mama Ungo alimfuata asubuhi ile ile mpaka mezani. Mama Ungo alikuwa mdogo wake marehemu, tumbo moja. Kazi ya ghalani aliipata kwa maneno ya dada yake. "Shemeji," alisema, taratibu, "gunia lile umelinusa vizuri?" Wachambuzi wengine walikuwa wanasikiliza. Mzee Pua alijiona kama anajaribiwa mbele ya wanawake, akamjibu kwa sauti: "Ungo wako, pua yangu." Wakacheka. Mama Ungo akatabasamu naye, akasimama pale kidogo zaidi ya inavyohitajika, akarudi kwenye kazi. Wengine nao walikuwa wamenusa, lakini pua kubwa ikishasema, pua ndogo zinafanya nini? Pilipili ikapepetwa, ikapakiwa, ikaenda jikoni kwa watu na maandishi yake ya kulala.

Hayo yote yalikuwa kwenye ile sufuria ya supu.

Mwalimu mstaafu aliongea zamu yake ilipofika. Hakutukana. Alisema ananunua pilipili yao kwa sababu mumewe haoni vizuri siku hizi, na chakula ndicho kimebaki cha kumfurahisha. Kwamba alianza kujifunza punje nzima uzeeni, akanunua kinu, akajifunza kuponda mwisho wa mapishi. Jana mumewe alitia kijiko mdomoni akauliza kama taa imemwagika mezani. Alipomaliza akachukua sufuria yake na matambara yake, akaondoka, akawaachia harufu. Wawili kati yao.

Meneja akafunga mlango. Akauliza imekuwaje.

"Ilipotoka kwangu ilikuwa safi," alisema Mzee Pua.

Hakupanga kusema vile. Maneno yalitoka yenyewe, kama mkono unavyojikinga uso. Lakini yalitoka, na yakishatoka yana miguu. Meneja akahesabu kwa macho: kutoka kwa mzee inakwenda wapi? Kwa wachambuzi. Na kwa wachambuzi kuna nini? Kuna chupa ya mafuta ya taa, kila mtu ameiona, ya kufutia kutu kwenye chekeche, kwa sababu chekeche ni bovu na jipya halijanunuliwa.

Meneja akamgeukia Mama Ungo. Mama Ungo akamgeukia shemeji yake. Akamsubiri. Alimpa muda wa kutosha, muda ambao mtu mwingine yeyote angeweza kusema sentensi nzima ndani yake, na hata ya pili ya kuifafanua ya kwanza. Mzee Pua alitazama alama ya mviringo ambayo sufuria ilikuwa imeacha kwenye makaratasi.

"Chupa ipo, ndiyo," alisema Mama Ungo mwishowe. "Chekeche lina kutu."

Meneja akamwambia akusanye vyake. Kabla ya saa ya chakula alikuwa ametoka langoni na ungo wake kwenye mfuko wa plastiki, miaka tisa ya kazi, na wale aliowafundisha kupepeta wamejifanya wana kazi nyingi sana.

Habari haikukaa ghalani. Siku ya tatu Mzee Pua akiwa kwenye foleni ya mkate alisikia wanawake wawili nyuma yake wakimzungumzia yule mama wa mafuta ya taa. Mmoja alisema watu kama hao ndio wanaoua watu. Mwenzake akasema sasa mabinti zake wawili ndio watakaoteseka, maana mtaa mzima nani atamchukua jikoni kwake? Mzee Pua alitoka kwenye foleni bila mkate.

Nyumbani alikaa akawalaumu. Alianza na meneja na chekeche lake. Akaenda kwa wenye lori, akapanda kwa aliyeleta mashine, akawapitia waliokataa barakoa mmoja mmoja, akafika mpaka kwa daktari wa mkutano. Kila mmoja alistahili, wala hakumwonea hata mmoja. Lakini mtu ukimaliza kuwalaumu wote, inabidi ukae na aliyebaki, na nyumba ile ilikuwa na mtu mmoja tu.

Jumapili akaenda kwa shemeji yake. Mama Ungo alimkaribisha kama anavyomkaribisha siku zote, akamfutia kiti, akaendelea na kazi yake. Alikuwa jikoni anachagua pilipili, si ya ghala. Gramu chache tu alizozipata kwa muuza viungo mmoja sokoni ambaye humruhusu mtu kuingiza mkono guniani. Alikuwa anazitazama kwenye sahani karibu na dirisha, vile vile, kichwa kimeinama upande ule ule. Mzee Pua ikabidi atazame pengine.

Akaanza kwa kumsema meneja. Alisema mengi, na mengi yalikuwa kweli. Mama Ungo alimwacha aseme. Alikaanga punje zake, akaziepua, akaziponda, akakata kiazi cha moto vipande viwili akavinyunyizia, akamsogezea kimoja. Mzee Pua akala. Ulimi ukawaka. Zaidi ya hapo ilikuwa kama kutafuna taulo lenye joto.

"Nzuri," alisema. "Ina ganda la limau."

Mama Ungo aliweka kijiko chini.

"Shemeji, mimi najua."

"Unajua nini?"

"Dada aliniambia. Wiki ile ya mwisho, tukiwa wawili. Akasema, shemeji yako hanusi, na ana haya, asipokuomba usimwambie kwamba unajua. Msaidie tu pembeni." Akafuta mikono. "Wewe ulidhani kila asubuhi nikipita mezani kwako nasema gunia hili lina unyevu, gunia hili zuri, lile la kule la zamani, nilikuwa napiga soga?"

Mzee Pua alitua kipande chake cha kiazi. Aliziona asubuhi zote zile zikirudi na kupanga mstari: Mama Ungo na ungo kiunoni, anapita, anasema neno moja la magunia na jingine la mvua, na yeye akiwaza moyoni kwamba mwanamke huyu ana mdomo mrefu. Miezi kumi na minne alijisifu kwamba anajua kazi kwa mikono. Alikuwa amebebwa mgongoni kama mtoto, na mtoto anadhani anatembea.

"Na siku ile uliponiuliza..."

"Nilikuwa nakwambia. Ungetaka niseme vipi, mbele za watu? Nikakuuliza umelinusa vizuri. Ukanipa ile ya ungo wako, pua yangu." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na uovu, na hicho ndicho kilichomchoma. "Watu walicheka sana."

"Ofisini mbona hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba dada yangu alikuwa mwongo miaka kumi? Amezikwa, atajibu vipi?" Akachukua sahani yake. "Kula, kiazi kinapoa."

Hakumwomba kitu. Angemwomba, Mzee Pua angepata pa kushika. Angeweza kukasirika, kubishana, kutoa sababu ya mgongo na ya miaka miwili iliyobaki. Alikula kiazi chote kwa sababu hakujua la kufanya na mdomo. Alipokuwa anavaa viatu mlangoni akasema atakwenda kwa meneja kesho asubuhi, aseme yote.

"Hilo lako," alisema Mama Ungo. "Mimi nimeshafukuzwa."

Jumatatu alivaa shati la kwendea msibani. Meneja alikuwa anakunywa chai. Mzee Pua alikataa kukaa, akasema yote akiwa wima, kama mtoto aliyeitwa kusoma mbele ya darasa: vumbi, maziwa, kitunguu, karatasi za mfukoni, mkewe, uongo wa kulala, lori, ganda la limau. Akasema yule mama hana kosa, kosa ni lake. Alipofika mwisho kifua kilikuwa chepesi kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akasubiri kufukuzwa. Alikuwa ameshajiandaa hata na neno la kutokea nalo, la barakoa, zito kweli.

Meneja aliinuka akafunga dirisha. Akarudi akakaa. Akakuna kichwa, kisha, Mungu amsamehe, akacheka.

"Miaka kumi na mmoja," alisema. "Mzee, wewe hatari."

Halafu akafungua droo akatoa pakiti mpya, bado zinanukia wino, alisema mwenyewe zinanukia wino. Zilikuwa na picha. Mzee Pua alijitazama: amefumba macho, punje kiganjani, na chini maandishi ya kulala yameongezwa ukubwa. Walimpiga picha ile mwaka jana, akadhani ni ya kitambulisho. Meneja alieleza kwamba maduka makubwa matatu yamezikubali, na wenyewe wanakuja mwezi ujao kumwona mzee kwa macho yao. Alieleza kwa upole, mkono begani kwa Mzee Pua, kwamba habari kama hii ikitoka nje haitamwaibisha mtu mmoja, italifunga ghala, na watu wote waliomo watarudi nyumbani na nyungo zao. Kwa hiyo haitatoka. Atatafutwa mtu wa maabara wa kukagua kimyakimya. Mzee atakaa mezani pake, atafumba macho, atasema yale maneno yake mazuri. Mpaka apumzike kwa heshima.

"Na Mama Ungo?" aliuliza Mzee Pua.

Yule, alisema meneja, yamekwisha. Akirudi, watu watauliza basi aliyeharibu ni nani, na hapo tunarudi pale pale. Watamsaidia kwa njia nyingine, ataona. Chekeche jipya, kwa bahati nzuri, limeshaagizwa.

Maisha yake yote Mzee Pua alikuwa amewasema wakubwa kwamba hawasikilizi. Leo mkubwa alikuwa amemsikiliza mwanzo hadi mwisho bila kumkatiza, akamsamehe kila kitu, hata vile ambavyo hakuja kuombea msamaha. Alitamani amtukane. La kuvunda halina ubani, na hapa palikuwa pamechomwa ubani wa kutosha. Neno lake la barakoa lilikuwa bado liko kooni, halina pa kutokea, kwa maana humtupii mtu neno zito akiwa anakutabasamia.

"Tumeelewana, mzee wangu?" alisema meneja, akanyoosha mkono juu ya meza.

Alasiri ile ile Mzee Pua alikuwa uani kwa shemeji yake. Mama Ungo alikuwa anaanika nguo za shule za mabinti, vibanio viwili mdomoni, akamwashiria kwa kichwa aanze tu. Akamsimulia yote bila kuruka: shati, chai, dirisha lililofungwa, kicheko, pakiti na picha yake, maduka matatu, mtu wa maabara. Alimwambia lile la yamekwisha, kwa sauti ya chini, akitazama maji yanavyodondoka kutoka kwenye sketi ya bluu. Alimwambia na la chekeche. Akafika mahali meneja aliponyoosha mkono, akaishia hapo.

Mama Ungo alibana sketi ya mwisho. Akatoa kibanio kilichobaki mdomoni, akamgeukia.

"Na wewe ukamjibu nini?"